Fundi mwashi apimwe kwa ukuta uliokula mvua tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye nyumba hapa Dodoma, hasa sisi tuliojenga kidogo kidogo kwa hela ya mkononi: msingi mwaka huu, lenta mwakani, bati mwaka wa tatu. Naandika Oktoba kwa makusudi. Upepo bado unavumisha vumbi, ardhi imekauka mpaka imepasuka, na mvua yetu, ambayo huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, haijafika. Majuma haya machache tuliyobakiwa nayo yanatosha kuokoa kuta nyingi, na pengine watu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Sabasaba, nyumba yangu iko Nkuhungu. Sikusomea ujenzi. Ninayoyaeleza hapa mengine nimeyalipia kwa hasara, na mengine nimefundishwa na mzee mmoja mwashi nitakayemsimulia mbele.

Januari 2024 ukuta wa uzio wangu ulianguka usiku. Ule ulikuwa msimu wa El Niño. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetutahadharisha mapema, nami nikadhani tahadhari ile ni ya watu wanaokaa kwenye nyumba za udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tukasikia mshindo kama lori limemwaga mawe. Tulipotoka na tochi tukakuta ukuta umelala upande wa jirani, hatua kumi na nne nzima, juu ya banda lake la kuku na juu ya kamba ambayo mjukuu wake huanika nguo na kuzianua kila jioni. Kuku tuliwahesabu asubuhi, nikawalipa. Lakini mtoto yule kila nikimwona anapita na sare zake za shule, moyo wangu unarudi kwenye ile kamba.

Ukuta ule ulikuwa haujatimiza mwaka mmoja na nusu.

Fundi aliyeujenga nilimpata Agosti 2022 kwa kuonyeshwa picha za simu. Picha zilikuwa nzuri: kuta zimenyooka, rangi bado inang'aa, geti jipya. Kati ya mafundi watatu waliotaja bei yeye alikuwa wa chini, tena kwa mbali. Nikampa nusu ya hela siku ile ile kwa sababu alisema ni ya kuanzia. Hatukuandika kitu. Tukakubaliana nimlipe kwa tofali, yaani kila tofali analopandisha lina bei yake, na hapo nilimfungulia mlango wa kukimbia, kwa sababu anayelipwa kwa tofali hana faida ya kusimama kupima. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta ukuta umepanda, nafurahi. Siku ya pili alipandisha kozi tisa, yaani mistari tisa ya matofali, kwa mkupuo, ukafika juu ya kichwa changu. Nikamsifu kwa majirani kwamba nimepata kijana mchapakazi.

Ulipoanguka ndipo nilipoliona tumbo lake. Msingi haukufika futi moja. Hatua kumi na nne hazikuwa na nguzo hata moja ya kuushikilia ukuta. Ule mchanganyiko wa simenti na mchanga, ambao mafundi wetu huuita udongo, ukiusugua kwa kidole unamwagika kama unga wa dona. Na chini hapakuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Uwanja wangu umeinama kuelekea upande ule, kwa hiyo maji ya paa na ya uwanja yote yalikwenda kusimama nyuma ya ukuta kama bwawa. Ukuta wa inchi tano haukujengwa kuwa bwawa.

Fundi yule sitamtaja. Simu yake haikupatikana tena, na hata ingepatikana ningemdai kwa karatasi gani? Ila nimefikiri sana juu ya upande wangu. Katika kazi yangu, mteja akiniletea gauni lililoshonwa kwingine nilirekebishe, sianzi kutazama mbele. Naligeuza ndani nje. Naangalia mishono, naangalia kama amepiga mshono mara mbili kwenye kwapa, naangalia pindo limeachwa kiasi gani, naangalia bitana inaficha nini. Mbele ya gauni hata mwanafunzi wa miezi mitatu anaweza kuipendezesha. Nimeishi kwa kanuni hiyo miaka ishirini na sita, halafu nikamkabidhi mtu ukuta wangu kwa kuangalia mbele tu. Lipu ni bitana ya ukuta. Ikishapigwa, hutaona tena kilichomo ndani mpaka siku ukuta unapolala.

Fundi wa pili, yule mzee mwashi, nilielekezwa na mteja wangu mmoja anayekaa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma. Nilipompigia na kumwomba picha za kazi zake, alinijibu maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii. Alisema: "Mwanangu, usiangalie kazi yangu ya mwaka huu. Ya mwaka huu hata asiyejua kazi anaweza kuifanya ing'ae. Nitakupa nyumba tatu, nenda ukaangalie kuta zilizokula mvua tatu. Ukirudi ukinitaka, nitakuja."

Nikaenda. Nilitumia Jumapili mbili. Katika nyumba ya kwanza mwenyeji alinikaribisha chai, akanieleza fundi alivyomgombeza kwa kuchelewa kumwagilia ukuta maji. Nikakwaruza viungo vya matofali kwa ufunguo, havikumwagika. Nikaangalia pembe za madirisha, maana ufa hupenda kuanzia pale, hapakuwa na ufa. Nikaangalia chini kabisa ya ukuta, pale ukuta na ardhi vinapokutana, lipu ilikuwa imeshika. Nyumba ya pili ilikuwa na ufa mmoja mwembamba, na mwenye nyumba akaniambia mzee alirudi mwenyewe kuuangalia baada ya masika bila kuitwa. Ya tatu sikumkuta mwenyewe, nikautazama uzio kwa nje. Ulikuwa na nguzo kila baada ya hatua nne hivi, na chini mstari wa vitundu vya maji. Nikarudi kumwita.

Alipokuja nilimwamkia, akaitikia, akaanza kuzunguka nyumba nzima taratibu bila futi kamba wala timazi. Aliuliza maji ya bati yanaanguka wapi. Aliuliza tunamwaga wapi maji ya kufulia. Akapiga ukuta wa nyumba kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akapiga tena. Mahali pengine palilia mlio wa kitu kitupu. Akaniambia, "Uzio wako umeanguka, lakini mgonjwa mkubwa ni nyumba."

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, tuliijenga 2009 kwa udongo wa kawaida katikati ya matofali, simenti ikapigwa nje tu kwenye viungo. Wengi wetu mkoa huu tumejenga hivyo na si dhambi. Nyumba ya namna hiyo inakaa miaka mingi ikitunzwa. Ila chini ya ukuta, kwa urefu wa magoti, palikuwa na chumvi. Kila mtu wa Dodoma anaijua: unga mweupe unatokea, rangi inavimba kama malengelenge, lipu inadondoka, watu wanasema ukuta unaliwa na chumvi. Mwaka 2022 yule fundi wa kwanza alinishauri tuibomoe lipu iliyoharibika tupige nyingine ya simenti kali sana, mfuko mmoja kwa toroli mbili, ili chumvi ishindwe kupita. Nikalipa. Baada ya mvua moja chumvi ilitokea tena, safari hii juu zaidi, usawa wa kiuno.

Mzee alibandua kipande cha lipu ile kwa patasi. Ilitoka ngumu kama sahani, na nyuma yake matofali yalikuwa yamegeuka unga. Akanieleza bila haraka. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na yanabeba chumvi ya udongo wetu. Ukuta ukiweza kupumua, maji yanatoka nje kwa hewa na chumvi inabaki juu juu, unaifagia. Ukiufunika kwa lipu ngumu isiyopitisha kitu, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta mahali pa juu zaidi pa kutokea, na chumvi inakauka ndani ya tofali, inavimba, inalipasua. Kwa hiyo udongo wa kushikanishia matofali na lipu yake havitakiwi kuwa vigumu kuliko tofali lenyewe. Tofali la kuchoma la kwetu ni laini. Likishikwa na simenti kali, tofali ndilo linaloliwa.

Dawa yake ilikuwa ya kuchosha lakini si ya gharama kubwa. Kwanza tulishusha udongo. Miaka kumi na mitano ya kufagia uwanja na kumwaga takataka, pamoja na bustani niliyoipanda mwenyewe ukutani, ilikuwa imepandisha ardhi mpaka ikafunika ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi. Nailoni ile inatakiwa iwe angalau inchi sita juu ya ardhi. Ikifunikwa ni kama haipo, maji yanairuka. Tukachimba, tukaacha msingi uonekane, tukainamisha ardhi itoke ukutani kwenda nje. Mchwa nao walikuwa wamejenga njia zao pale pale penye bustani. Kisha tukabandua lipu kali, tukauacha ukuta ukauke tangu Juni mpaka mwisho wa Julai, wakati wa upepo wetu mkali, tukifagia chumvi kwa brashi kavu kila wiki. Kavu, alisisitiza, kwa sababu ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Matofali yaliyokwisha kabisa tuliyatoa moja moja, tukaweka mazima. Viungo vilivyolika tulivikwangua kina cha kama sentimita mbili, tukapuliza vumbi, tukalowanisha, tukajaza kwa kubana na mwiko mwembamba, sehemu moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga. Chokaa ndiyo inayoupa mchanganyiko ulaini. Vijana wengi wa sasa wanaijua chokaa kwa kupaka tu.

Nilipokuwa namtazama mzee akijaza vile viungo nilimkumbuka mama yangu. Nimezaliwa Mvumi, katika tembe. Kwa wasioijua, tembe ni nyumba yetu Wagogo, ndefu na fupi kwa kimo, ukuta wa miti na udongo, na juu ni miti, fito na udongo tena, bapa, mtu anaweza kuanika mtama pale. Kila mwaka kabla ya mvua, mama na shangazi zangu walichota udongo, wakauchanganya na samadi ya ng'ombe, wakakandika ukuta upya kwa viganja vyao. Wanaume walipanda juu kuziba nyufa za paa. Hakuna aliyesema nyumba imeharibika. Ilikuwa ni kazi ya msimu kama kulima. Na mtu aliyeacha kukandika, kijiji kizima kilijua kwamba pale pana ugonjwa au msiba.

Sisi watoto wao tulipojenga kwa matofali na simenti tuliamini tumeachana na kazi ile. Hapa ndipo tulipokosea. Ukuta wa matofali nao unataka mtu wa kuukagua kila mwaka, ila unadai kidogo zaidi na unavumilia zaidi kabla ya kulalamika. Mama yangu asiyejua kusoma alitunza ukuta wake kuliko mimi mwenye cheti cha kidato cha nne.

Sasa nizungumze kuhusu kumwajiri fundi, maana ndipo penye maumivu ya wengi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji wetu kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi umetapakaa kila upande, Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa, Mtumba, Nala. Kazi ni nyingi kuliko waashi waliokomaa. Kijana aliyekuwa akibeba karai mwaka jana, mwaka huu anaitwa fundi mkuu. Simlaumu, anatafuta riziki na kazi inamwita. Lakini anajifunzia kwenye ukuta wangu na wako.

Kwa majengo makubwa kuna utaratibu. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ipo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo, na wakandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, la kwanza mpaka la saba. Anayejenga ghorofa amtafute huyo na aombe kuona cheti chake. Novemba 2024 jengo lilipoporomoka Kariakoo nchi nzima ililia. Lakini uzio, choo, kibanda cha uani na lipu ya chumbani hatumwiti mkandarasi, tunamwita fundi wa mtaani, na ukuta mfupi nao ukianguka una uzito wa kutosha kumuua mtoto. Huku chini ndiko tunakohitaji kufungua macho.

Mimi na mzee tuliandikiana. Ukurasa mmoja wa daftari, kwa kalamu, mbele ya mjumbe wetu. Najua sheria yetu inayatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna ushahidi pale watu wanapogombana. Tuliandika kazi yenyewe ni ipi, urefu na kimo, msingi wa kina gani, nguzo ngapi, mchanganyiko wa uwiano gani, nani ananunua vifaa, nani anamlipa saidia fundi. Tukaandika malipo kwa hatua: msingi ukikamilika na nikauona kabla haujafukiwa, ukuta ukifika nusu, ukuta ukiisha. Na fungu moja kati ya kumi tukaliacha mpaka Aprili, mvua ikatike tuone. Nilikuwa naogopa kumwambia hilo la mwisho, nikidhani ataliona tusi. Alicheka akasema kwenye miradi mikubwa alikofanya kazi hawalipwi vinginevyo. Fundi anayekataa kuacha hata sehemu ndogo ya hela yake chini ya mvua moja ameshakueleza anavyoufikiria ukuta wake.

Vifaa nilinunua mwenyewe, na hapo nilijifunza mambo ambayo kila mama mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila kusoma uhandisi. Tofali la kuchoma ligonge na jenzie. Likiiva linalia kama chuma, lisipoiva linatoa mlio wa kibuyu. Liache lidondoke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, lisivunjike. Halafu kuna kipimo ambacho nilikipenda kwa sababu nilikifanyia kwenye mzani wa muuza mchele: pima tofali kavu, lizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, lipanguse, lipime tena. Likiwa limeongezeka zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani la kilo mbili na nusu likavuka kilo tatu, linakunywa maji mno. Lirudishe. Muuzaji mmoja aliniona nikifanya hivyo, akanipeleka mwenyewe kwenye tanuru lingine lililoiva vizuri.

Mchanga tulioletewa wa korongoni tuliujaribu kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Unajaza mchanga nusu, unaongeza maji na chumvi kidogo ya mezani, unatikisa, unaiacha itulie masaa machache. Mchanga unakaa chini na tope linakaa juu yake kama utando. Tope likizidi moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga ule haufai mpaka uoshwe. Lori la kwanza tulilirudisha, na dereva alikasirika, lakini tulikuwa hatujamlipa.

Matofali ya simenti, yale ya inchi tano na sita, ukiyanunua barabarani uliza yamefyatuliwa lini na yamemwagiliwa siku ngapi. Simenti haipati nguvu kwa kukauka, inapata kwa kukaa na maji. Hapa kwetu jua la saa saba na upepo vinayanyonya maji kabla simenti haijafanya kazi yake. Tofali, lipu au zege likimwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, likafunikwa na viroba vilivyolowana, linakuwa kitu kingine kabisa. Najua maji ni ghali na mgao tunaujua. Siku zile saba nilinunua maji ya madumu, na niliyanunua ya bomba, kwa sababu ya visima vingi vyetu yana chumvi na chumvi ile ingerudi ukutani. Hela hiyo iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo kama mnavyoweka ya simenti.

Mzee hakupandisha zaidi ya kozi tano kwa siku. Nilimwuliza mbona anasimama na jua bado lipo. Akajibu kwamba udongo wa chini bado mbichi, ukiubebesha mzigo unaminywa, na ukuta unapoteza unyofu wake polepole bila wewe kuona. Matofali ya kuchoma aliyalowanisha kwanza, kwa sababu tofali kavu linafyonza maji ya udongo na kuuacha unga. Alichanganya kidogo kidogo juu ya bati, kamwe si juu ya ardhi tupu. Mchanganyiko uliopitwa na saa moja na nusu aliumwaga, hata nilipomwonea huruma simenti yangu.

Niseme pia la upande wa mafundi, kwa sababu barua za namna hii mara nyingi huwapiga wao tu. Wenye nyumba tunawachelewesha malipo. Tunabadilisha mawazo katikati, tunataka dirisha lisogezwe, halafu hatutaki kuongeza hela. Tunabana simenti, kisha ukuta ukipasuka tunamwita fundi tapeli. Mzee aliniambia ameshaacha kazi mbili kwa sababu mwenye nyumba alimlazimisha kufyatua matofali hamsini kwa mfuko mmoja. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukikupa thelathini mazuri, shukuru. Fundi anayekataa amri mbaya ya mwenye hela anastahili heshima, na chai ya saa nne pia.

Ninaomba mambo mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa wenyeviti wa mitaa. Ofisi zenu zina madaftari ya wakazi. Fungueni daftari la mafundi: jina, namba ya kitambulisho, fundi wa nini, na nyumba tatu alizojenga ambazo wenyewe wamekubali watu waende kuziangalia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani bila kupita darasani. Mwenye cheti hicho naye aandikwe hivyo. Haitagharimu zaidi ya kitabu na kalamu.

La pili ni kwako. Kila Oktoba magazeti hutuletea utabiri wa mvua. Karibu na utabiri ule tupeni nafasi ya kukumbushana: mtu azunguke nyumba yake, ashushe udongo uliopanda ukutani, azibue matundu ya maji, akague gata, na akiona ufa aweke alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe. Ufa uliosimama unazibwa. Ufa unaovuka penseli, hasa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, maana yake ardhi inatembea chini, na huo usizibwe na lipu, uitiwe mtu anayejua misingi. Sisi tunaokaa kwenye udongo wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, tunauona sana. Wangu mmoja upo pembe ya jiko. Niliuwekea alama Novemba mwaka jana, na mpaka leo asubuhi haujaivuka.

Uzio wangu mpya umekula mvua moja. Aprili mzee alikuja, akauzunguka, akapiga kwa kifundo chake, nikampa fungu lake lililobaki. Yeye mwenyewe amenikataza nisimsifu bado. Mwenye kutaka kuja kuuona kabla ya kumwita, na auone tena baada ya mvua hii na ile nyingine, aulize pale Sabasaba kwa mafundi cherehani, atanipata.

Wako,
Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma